Jamhuri Dhidi ya Mume wa Mtu

Msikilizaji, mwizi wa kuku akikamatwa usiku huu, iwe Buza au Igunga, atafikishwa kituoni, jalada litafunguliwa, na baada ya siku chache atasomewa shtaka. Mwenye kuku ataulizwa walikuwa wangapi, wa rangi gani, aliwaona mara ya mwisho saa ngapi. Baadaye anaweza kurudi akasema amesamehe. Hilo lipo, tunaishi na watu. Ila askari hataanza kuandika maelezo kwa kumwuliza, "Haya mama, huyu unataka tumfanyeje?"

Swali hilo tumemwekea mke aliyepigwa.

Anafika kaunta jicho limevimba, mtoto mgongoni, amevaa kanga ile ile aliyotoka nayo mbio. Kabla hajakaa vizuri kwenye benchi: unataka tumfanyeje mumeo? Tumweke ndani? Kodi ya nyumba atalipa nani? Wazee wa upande wake umeshawaona? Sisemi kila askari yuko hivyo. Na wapo wanaouliza kwa huruma kabisa, maana wamewaona wake wangapi wakirudi kesho yake asubuhi na chupa ya chai ya kumpelekea huyo huyo aliye mahabusu. Lakini hebu tulitazame swali lenyewe. Akijibu "mfungeni", basi yeye ndiye aliyemfunga baba watoto wake, na ukoo mzima utamjua kwa hilo mpaka anazeeka. Akijibu "mwonyeni tu", mume anaonywa, wanatoka kituoni pamoja, wanapanda bodaboda moja. Kwa jibu lolote atakalotoa, serikali imeshanawa mikono.

Leo nina jambo moja tu la kusema. Kesi ya kipigo cha nyumbani si mali ya mke. Pita siku moja kwenye mahakama ya wilaya, usome orodha ya mashauri iliyobandikwa ubaoni. Kesi za jinai zote zimeandikwa Jamhuri dhidi ya fulani. Hutaona Mama Fulani dhidi ya Baba Fulani. Aliyeshtaki ni Jamhuri, yaani mimi na wewe na mjomba wako wa Kigoma. Mke ni shahidi, tena shahidi mwenye maumivu. Lakini njia yote kutoka chumbani mpaka kizimbani, kila anayempokea anamrudishia kesi mkononi, kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake.

Tuanze na sheria, kwa sababu wapo wanaoamini kwamba mume ana ruhusa fulani. Sheria ya Ndoa ilitungwa mwaka 1971, enzi za Mwalimu Nyerere, na kifungu chake cha 66 kinasema kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama mila inasema vingine. Mila imetajwa humo waziwazi. Waliotunga waliijua nchi yao. Walijua kesho yake mtu atasimama aseme "kwetu sisi". Na hawakuandika mume peke yake, waliandika mwenzi. Mwanamke anayemvunjia mumewe chupa kichwani naye yumo, na mwanamume aliyefanyiwa hivyo asione haya kwenda polisi kuchukua RB. Wapo, na wanachekwa, na kuchekwa huko ndiko kunakowanyamazisha.

Udhaifu wa kifungu hicho ni kwamba kinatamka, hakitoi adhabu. Adhabu inabidi uifuate kwenye Kanuni ya Adhabu, sheria ambayo haimjui mume wala mke, inamjua mtu na mtu. Shambulio la kudhuru mwili, kifungu cha 241, ni hadi miaka 5 jela. Kusababisha madhara makubwa, kifungu cha 225, hadi miaka 7. Mfupa uliovunjwa chumbani una bei sawa na uliovunjwa baa.

Sasa utasikia watu mtaani, wengine wamesoma, wakisema mke hatoi ushahidi dhidi ya mumewe. Hiyo ni nusu ya maneno. Ni kweli Sheria ya Ushahidi inamlinda mwenzi asilazimishwe kusema dhidi ya mwenzake. Lakini sheria hiyo hiyo imeweka mlango: pale mtu anaposhtakiwa kwa tendo lililomdhuru mwenzi wake, au mali ya mwenzi huyo, au watoto, mke ni shahidi halali wa upande wa mashtaka na anaweza hata kulazimishwa kufika. Fikiri maana yake. Mke akiitwa kwa hati ya mahakama, ana jibu la kuwapa wakwe: sikwenda kumshtaki, nimeitwa. Kwa mwanamke anayeishi uani kwa mama mkwe, jibu hilo si dogo. Wanaoweza kumpa jibu hilo ni wapelelezi na waendesha mashtaka, na wengi hawampi. Wanangoja ajilete mwenyewe. Asipofika, faili linaandikwa kwamba mlalamikaji amekosa nia.

Nimetaja waendesha mashtaka. Hapa ndipo penye shimo ambalo wengi wetu hatulioni, kwa hiyo nivumilie nilieleze taratibu.

Shambulio la kudhuru mwili linaweza kusikilizwa mahakama ya wilaya, na linaweza kusikilizwa Mahakama ya Mwanzo. Mahakama ya Mwanzo iko karibu, inaendeshwa kwa Kiswahili tangu zamani, haina mbwembwe, na kwa mashauri mengi mimi ni shabiki wake. Lakini kwa kawaida hakuna wakili wa serikali mle. Polisi wanaandaa hati, wanaipeleka, basi. Anayesimama kueleza kesi, anayeleta mashahidi wake, anayemwuliza mshtakiwa maswali, ni mlalamikaji. Mke. Juzi kapigwa, leo kasimama hatua chache kutoka kwa aliyempiga, anatakiwa amhoji. Na yeye mume naye ana haki ya kumhoji mkewe, na huyo anajua kila kitu cha kumwaibisha: nani alimpigia simu, mama yake alisema nini msibani, mtoto wa kwanza alizaliwa lini. Jina la Jamhuri liko kwenye karatasi, na Jamhuri yenyewe haikuja.

Tena uwezo wa Mahakama ya Mwanzo kufunga mtu kwa kawaida hauzidi miezi 12. Kosa ambalo wilayani lingebeba hadi miaka 5 linapunguzwa pale pale kaunta, kabla hakimu yeyote hajaliona, kwa uamuzi wa kulipeleka mlango gani. Uamuzi huo mke haulizwi. Anaulizwa yale ya kumfanyeje mume, haulizwi la mahakama ipi. Kama ningekuwa na la kumwomba Mkurugenzi wa Mashtaka, ningeomba hilo moja: kipigo cha ndani ya ndoa chenye jeraha kisipelekwe mahali ambapo aliyepigwa ndiye mwendesha mashtaka.

Tuje kwenye suluhu, neno letu tunalolipenda. Mimi si adui wa suluhu. Ndoa nyingi zimeokolewa na mshenga mwenye busara na shangazi asiyeogopa kumfokea mwanamume. Sheria yenyewe inaitambua: mtu hawezi kufungua shauri la talaka bila kwanza kupitia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, iwe la kata, la kanisa au la BAKWATA, isipokuwa kwa sababu maalumu. Lakini baraza hilo kazi yake ni ndoa. Halikupewa jinai. Likishasema "tumewapatanisha", limepatanisha mume na mke. Halijapatanisha mume na Jamhuri. Hata Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, inayoruhusu suluhu kwenye mambo kama shambulio la kawaida, ruhusa hiyo imempa hakimu, tena pale anapoona masilahi ya umma hayadai adhabu. Haikumpa mjumbe wa nyumba kumi, wala mtendaji wa mtaa, wala mzee anayepokea mbuzi wa faini na kumla siku hiyo hiyo na aliyetozwa. Mke aliyevunjwa mkono hupata nini katika mbuzi yule? Huwa anaitwa jikoni kumpika.

Kuna chombo kimoja tunachopaswa kukisifu, nacho ni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Wale wanaokumbuka vituo vya polisi vya miaka ya 1990 watakubaliana nami: kumkuta askari wa kike, kwenye chumba chenye mlango unaofungwa, anayekusikiliza bila wavuta bangi waliokamatwa kukutazama, ni hatua kubwa. Visiwani, hospitali ya Mnazi Mmoja ilianza Kituo cha Mkono kwa Mkono mwaka 2011, daktari, polisi na mshauri nasaha mahali pamoja, na Bara nako vituo vya namna hiyo vimefunguliwa. Vilipo, mwathirika hazungushwi kituo na hospitali huku damu inakauka. Tatizo ni kwamba dawati nalo limeambukizwa lile swali. Mara nyingine dawati linageuka baraza jingine la ndoa, lenye sare. Mume anaitwa, anafokewa, anaahidi, anaandika karatasi. Karatasi hiyo si hukumu wala amri ya mahakama siku atakaporudia.

Na ile PF3. Fomu ya polisi ya matibabu haiuzwi, msikilizaji, na aliyejeruhiwa vibaya aanze na uhai wake. Lakini tusiiabudu. Mahakama ya Rufani imeshafuta kwenye kumbukumbu PF3 nyingi, kwa sababu haikusomwa kwa sauti baada ya kupokelewa, au kwa sababu mshtakiwa hakuelezwa kwamba ana haki ya kutaka daktari aitwe ahojiwe. Makosa hayo si ya mke, ni ya waliosomea kazi hiyo. Fomu ikishafutwa, kinachobaki ni vinywa vya watu: yeye mwenyewe, daktari, jirani. Sheria haidai idadi ya mashahidi. Mmoja anayeaminika anatosha.

Nimefika kwenye dhamana, na hapa nitatulia kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapouawa.

Dhamana ni haki, na mimi siipingi. Mtuhumiwa hajawa mkosaji. Lakini tazama inavyotokea. Mume kakamatwa asubuhi, jioni kadhaminiwa na kaka yake, saa mbili usiku yuko mlangoni. Mlango wa nani? Wa kwake. Ana ufunguo. Mke aliyekwenda kumsema yuko ndani anasonga ugali. Hatujiulizi usiku ule unapitaje. Nyumba salama, zile za kumhifadhi mwanamke na watoto wake kwa muda, ni chache mno, na nyingi zinaendeshwa na asasi za dini na za kiraia. Sasa sikiliza jambo ambalo halihitaji bajeti wala wafadhili: sheria yetu inamruhusu hakimu, anapotoa dhamana, kumwekea mshtakiwa sharti asikanyage mahali fulani, au asikaribiane na watu fulani. Lipo, kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Mwendesha mashtaka anatakiwa asimame aombe: mheshimiwa, huyu alale kwa kaka yake aliyemdhamini, asionekane kwenye nyumba ile mpaka shauri liishe. Dakika mbili. Badala yake anayehama ni mke, na watoto wanahama shule katikati ya muhula.

Majirani zetu wamekwenda mbele zaidi kwenye karatasi. Rwanda ilitunga sheria ya ukatili wa kijinsia mwaka 2008, Uganda ikatunga ya ukatili wa nyumbani mwaka 2010, Kenya mwaka 2015, Burundi mwaka 2016. Ile ya Kenya inampa hakimu uwezo wa kutoa amri ya ulinzi: mtu akatazwe kumsogelea mwenzake, hata kama nyumba ni ya huyo anayekatazwa. Tanzania Bara bado hatuna sheria moja inayosimama peke yake kwa jambo hili. Tunaokota kifungu hapa, kifungu kule, kama nilivyofanya mimi tangu nianze kuzungumza.

Ningependa kukwambia kwamba sheria hiyo ikija mambo yatakuwa shwari. Lakini yuko Agnes Tirop wa Kenya, bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2015, aliyechomwa kisu nyumbani kwake Iten, Oktoba 2021, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 barabarani katika mbio za wanawake peke yao. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji, akakana, na Novemba 2023 akapewa dhamana. Yuko Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekimbia marathoni ya Olimpiki Paris Agosti 2024, na tarehe 1 Septemba akamwagiwa petroli na kuwashwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia, Kenya, akafa siku nne baadaye. Baba yake aliwaambia waandishi wa habari kwamba polisi walikuwa wameshaambiwa juu ya mwanamume aliyemmwagia petroli. Naye aliungua, akafa, na kesi ikafia hapo. Wote wawili walikuwa na majina, walikuwa na fedha, na waliishi nchi yenye sheria ya mwaka 2015. Mwishoni mwa 2024 serikali ya Kenya ilitangaza wanawake 97 waliouawa katika miezi mitatu. Sheria nzuri isipopata mtu wa kusimama mahakamani na kuiomba, inabaki kwenye rafu.

Kwa nini basi wake wanarudi na chupa ya chai? Tumezoea kusema wanapenda kupigwa. Upuuzi. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu wafike miaka 15. Ule wa 2022 ukaonyesha imeshuka hadi asilimia 27, na tushukuru. Lakini katika ule wa kwanza asilimia 58 ya wanawake walikubali kwamba mume anaweza kuwa na sababu ya kumpiga mkewe: kaunguza chakula, kabishana, katoka bila kuaga, kawaacha watoto, kamnyima unyumba. Wanaume waliokubali hivyo walikuwa asilimia 40. Wanawake wamewapita wanaume! Ni shule hiyo, na walimu wake ni sisi: kungwi, mama, somo, wachungaji na masheikh wa kipaimara na nikahi, na sisi wa redio kwa miziki tunayoipiga.

Sababu nyingine ni sahani. Mwanamke anapiga hesabu: nikitoka, natoka na nini? Wengi wanaamini wanatoka na begi. Siyo kweli, na si kweli kwa miaka zaidi ya 40. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu kwamba kazi za nyumbani za mke, kupika, kulea, kutunza nyumba, ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Yeye mwenyewe hakuambulia kitu siku ile; mahakama ilisema alikwisha kupewa fedha za mtaji na mumewe, akazitumia. Ila kanuni aliyoiacha imewapa wanawake wengi vyumba, mashamba na viwanja. Mama anayejua hilo hajibu swali la kaunta kwa sauti ile ile. Tangu 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, wasaidizi wa kisheria wako kwenye wilaya nyingi, TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na wenzao wanatoa ushauri bila malipo. Mtafute mmoja kabla hujatafuta shangazi wa tatu.

Namaliza na wewe uliye upande wa pili wa ukuta. Ulisikia. Ulipunguza redio ili usikie vizuri. Ikifika siku ukaandikwa shahidi, usijifiche nyuma ya "mambo ya ndani ya watu". Nenda mahakamani tarehe uliyopewa, mwambie karani umefika, kaa mpaka uitwe. Useme ulichosikia na ulichokiona mlango ulipofunguliwa, basi, usiongeze chumvi. Ikiahirishwa, uliza tarehe nyingine, iandike, urudi. Na wewe afande uliye zamu usiku wa leo, akija mama na jicho limevimba, chukua kalamu, fungua jalada, muulize ilikuwaje. La kumfanyeje mumewe, mwachie hakimu.